Tarikhi ya Ujirani wa Programu katika Linux

Ipo hitilafu ya aina yake ambayo kila aliyejaribu kuipanga kompyuta yake ya Linux kwa namna aipendayo ameionja, nayo ni ile ya programu mbili ambazo kila moja peke yake ni nzima, haina kasoro wala lawama, lakini zikikutanishwa juu ya skrini moja hukorofishana: njia ya mkato iliyofanya kazi jana leo haiitiki, maandishi yaliyonakiliwa hapa yanakataa kubandikwa pale, dirisha lafunguka likiwa tupu, la kijivu, halina hata neno moja ndani yake. Mwenye kompyuta huzichunguza programu hizo moja moja, akaziona hazina hatia, kisha aghalabu hudhani kwamba mkosaji ni yeye. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba hitilafu hizo zina tarikhi; kwamba tarikhi hiyo yaanza kabla Linux yenyewe haijazaliwa, katika shauri lililokatwa kwa makusudi na watu wenye akili; na kwamba fundi asiyeijua hutafuta sababu mahali isipokuwapo.

Mwaka 1983 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho zaidi kwa herufi MIT, kilianzisha kwa msaada wa makampuni ya DEC na IBM mradi ulioitwa Athena, uliokusudia kuwawekea wanafunzi kompyuta kila upande wa chuo. Na kwa kuwa mashine za makampuni hayo mawili hazikuwa za namna moja, ilitakikana lugha moja ya kuchora madirisha ambayo zote zingeifahamu. Wakati huo huo, katika maabara nyingine ya chuo hicho hicho, Bob Scheifler alikuwa akishughulika na mfumo uitwao Argus, ambao kazi zake zilitawanyika katika mashine nyingi, naye alihitaji kuwa na madirisha kadhaa mbele ya macho yake ili aweze kuyafuatia makosa ya mfumo huo yanakotokea. Alipata programu ya madirisha iliyoitwa W, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Stanford, kazi ya Paul Asente na Brian Reid. Akaibadili namna yake ya kusemezana na mashine ili isiwe ikingoja jibu kwa kila jambo. Na mwezi wa Juni 1984 akawatangazia wenzake kwamba ameipa jina la herufi inayofuata, yaani X. Yeye pamoja na Jim Gettys wa DEC waliikuza haraka, na mwezi wa Septemba 1987 likatoka toleo la 11, ambalo ndilo lililoenea duniani na ambalo mamilioni ya watu wamelitumia bila kulijua jina.

Waasisi wa X walijiwekea msingi mmoja ambao ndio mzizi wa yote nitakayoyasimulia: mfumo utoe nyenzo, usitoe amri. X ilijua kuchora dirisha, kupokea kitufe kilichobonyezwa na kukipeleka kwa anayestahili, lakini haikusema dirisha lifungwe kwa kitufe gani, wala kichwa chake kiwe juu au ubavuni, wala programu ipi iwe na haki ya kwanza juu ya kibodi. Hata msimamizi wa madirisha, yaani ile programu inayoyapanga na kuyawekea fremu, hakuwa sehemu ya mfumo, bali alikuwa mteja, yaani programu ya kawaida, kama wateja wengine, aliyepewa fadhila moja tu, ya kuulizwa kabla dirisha halijaonyeshwa au kusogezwa. Na fadhila hiyo hupewa mmoja, akija wa pili, seva, yaani X yenyewe, humkatalia. Ulikuwa mji uliochimbiwa visima na kukatiwa njia, pasipo sheria ya nani ateke maji kwanza. Wako wanaowalaumu waasisi hao hadi leo. Rai yangu ni kwamba walifanya sawa, maana katika miaka ile hapana aliyekuwa na ujuzi wa kutosha wa kusema dirisha zuri ni lipi, na mitindo iliyoshindana wakati huo, kama Motif na Open Look, yote imekwisha pitwa, ilhali X ingali ikifanya kazi katika kompyuta nyingi. Lakini sheria isiyowekwa na mfumo sharti iwekwe na mtu mwingine, na hapo ndipo tabu ilipoanza.

Mwaka 1989 ulitolewa mwongozo ujulikanao kwa herufi ICCCM, ulioandikwa na David Rosenthal wa kampuni ya Sun Microsystems, kueleza namna programu zipaswavyo kusemezana zenyewe kwa zenyewe na kumsikiliza msimamizi. Ni maandishi makavu, magumu, yasiyopendwa na waliolazimika kuyatekeleza. Walakini mimi nayahesabu kuwa miongoni mwa hati muhimu kabisa katika tarikhi hii, kwa kuwa ni mara ya kwanza watu kukiri kwa maandishi kwamba programu njema haitoshi, yatakikana pia programu yenye kujua kukaa na wenziwe.

Tuangalie jambo dogo la kunakili na kubandika. Katika X hakuna ghala la maandishi yaliyonakiliwa. Programu inayonakili hutangaza tu kwamba amana iko kwake, na maandishi hubaki humo humo hadi programu nyingine itakapoyaomba, ndipo zinapoulizana yatatolewa kwa sura gani, ya maandishi matupu au yaliyopambwa au ya picha; na ile yenye amana ikifungwa kabla ya kuombwa, amana nayo hupotea. Fauka ya hayo, mwongozo ule uliweka amana za namna tatu: PRIMARY, ya yale yaliyochaguliwa kwa kipanya na kubandikwa kwa kitufe cha kati, CLIPBOARD, ya yale yaliyonakiliwa kwa amri, na SECONDARY, ambayo haikupata wateja. Baadhi ya watunzi wa programu hawakuishika tofauti hiyo. Maktaba ya Qt ya toleo la 2, iliyotumiwa na mazingira ya KDE nitakayoyaeleza baadaye, ilichanganya mbili za kwanza, na Emacs, programu ya kuandikia, iliendelea kutumia PRIMARY kwa kunakili na kubandika kwake hadi toleo la 24 la mwaka 2012. Mtu aliyenakili kutoka moja kwenda nyingine akapata maneno ya jana badala ya ya leo hakuwa na kompyuta mbovu. Alikuwa amesimama baina ya tafsiri mbili za sheria moja.

Ili amana zisipotee, wakatokea walinzi wa amana, kama Klipper ya KDE, ambao kila maandishi yakinakiliwa huyaomba mara moja na kuyahifadhi. Hapo ikazuka hitilafu ya pili iliyozaliwa na tiba ya ile ya kwanza: programu za kutunza maneno ya siri huyaweka maneno hayo katika amana kwa muda mfupi tu kisha huyafuta, na mlinzi, kwa uaminifu wake wote, alikuwa amekwisha yahifadhi katika orodha yake mahali pa wazi. Suluhu iliyopatikana ni alama maalumu ambayo programu kama KeePassXC huambatanisha na neno la siri, kumfahamisha mlinzi kwamba hili lisihifadhiwe. Mlinzi asiyeijua alama hiyo huhifadhi vile vile. Msomaji atumiaye programu za namna hizo mbili pamoja na aichungulie leo orodha ya mlinzi wake.

Vitufe vya kibodi vimeleta mashaka zaidi kuliko amana. Programu yoyote katika X yaweza kuiomba seva iipe mchanganyiko fulani wa vitufe uwe wake popote pale, hata dirisha lake lisipokuwa mbele. Na mchanganyiko ukishachukuliwa, atakayekuja baadaye hukataliwa. Jibu la seva husema tu kwamba ruhusa haikupatikana, halimtaji aliyetangulia. Na programu ambayo mtunzi wake hakulitazamia jibu hilo hufa papo hapo, kwa sababu maktaba ya Xlib, isipoambiwa vingine, huizima programu iliyopata kosa. Kwa hiyo mtu aliyeongeza kizinduzi kipya cha programu akaona kinakufa kila kinapoanza, ilhali kwa rafiki yake kinakwenda vizuri, aliweza kupoteza usiku mzima akikikagua kizinduzi, na sababu iko kwa msimamizi wa madirisha aliyeamka mapema zaidi. Tena mchanganyiko huo huhesabiwa kwa ukamilifu wake, hata hali ya kitufe cha Num Lock ikiwamo, ndiyo maana zilikuwako njia za mkato zilizofanya kazi mchana na kugoma jioni, kwa kuwa mwenye kompyuta alikuwa ameiwasha taa ya Num Lock ili aandike hesabu zake. Watunzi makini hujisajili kwa sura zote, taa ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa. Wasio makini waliwaachia watumiaji fumbo hilo.

Waandishi wa Kichina na Kijapani waliitambua kero nyingine iliyodumu miaka mingi. Katika Emacs, Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi ndiyo amri ya kuweka alama mwanzo wa maandishi yatakayokatwa, amri inayotumika siku nzima. Na SCIM, programu ya kuandikia herufi za Asia, ilichagua mchanganyiko ule ule kuwa swichi ya kuingia na kutoka katika lugha. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyekaa karibu zaidi na kibodi ndiye aliyeshinda, na mwenye Emacs akabaki akibonyeza bila alama kuwekwa. Kwa mashaka kama hayo mafundi walijifunza kuitumia xev, kidirisha kidogo kinachoandika kila habari kinayoipokea: kitufe kikifika, kinaandikwa, kikiwa kimekamatwa na mwingine, hakiandikwi, bali hutokea taarifa kwamba dirisha limenyang'anywa kibodi kisha likarudishiwa, na hiyo ndiyo dalili ya hakika kwamba yuko mwenye kukishika. Wenzake xev ni xprop, inayosoma vyeti ambavyo kila dirisha limejibandika, na xwininfo, inayoeleza dirisha gani liko ndani ya lipi. Ni zana kongwe, hazina uzuri wa sura, na fundi asiyekuwa nazo alibahatisha.

Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991 huko Helsinki, na X ilipohamishiwa humo, desturi hizi zote zilihamia pamoja nayo, tena mikononi mwa watu waliokuwa na kompyuta zao wenyewe na uhuru wa kubadilisha kila kitu. Msimamizi fvwm, aliyetolewa na Robert Nation mwaka 1993 kutokana na twm ya Tom LaStrange, aliwapa watumiaji faili moja la maandishi ambamo kila kitufe na kila mpaka wa dirisha uliweza kuandikwa upya. Mwezi wa Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen huko Ujerumani, alilalamika kwamba programu za mfumo huu hazifanani sura wala tabia, akawaita wenziwe wajenge mazingira mamoja, ndiyo KDE. Na mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena, watu wa Mexico, wakaanzisha GNOME, hasa kwa kuwa maktaba ya Qt iliyotumiwa na KDE haikuwa huria wakati ule. Ndani ya kila moja ya nyumba hizo mbili pakawa na maelewano. Hitilafu zikahamia mipakani, kwa yule aliyetaka programu ya nyumba hii aitumie chini ya paa la ile. Mwaka 2000 Havoc Pennington wa Red Hat alianzisha freedesktop.org ili pande zote ziandike kanuni za pamoja, na kutokana na baraza hilo zikapatikana nyongeza za ICCCM, maafikiano juu ya amana za kunakili, na baadaye D-Bus, njia moja ya programu kupelekeana habari. Kazi hiyo haikupata sifa inayostahili, kwa sababu kanuni ikifaulu hapana anayeiona.

Wakati huo huo mtu mmoja alikuwa akilitazama jambo hili kwa jicho la elimu. Andreas Zeller, mwalimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani, alikuwa miongoni mwa watunzi wa DDD, programu ya madirisha inayoiendesha programu nyingine ya kutafutia makosa, GDB, kwa kuyasoma majibu yake ya maandishi. GDB ilipotoka toleo la 4.16 kwenda 4.17, DDD ikaharibika: programu iliyokaguliwa haikupelekewa tena hoja ilizopaswa kuanza nazo. Baina ya matoleo hayo mawili yalikuwapo mabadiliko ya mistari 178,000. Badala ya kuisoma yote, Zeller aliiachia mashine iyagawe mabadiliko, ijaribu fungu moja, itupe lisilo na athari, igawe tena, hadi likabaki badiliko moja: watunzi wa GDB walikuwa wameyarekebisha maneno mawili matatu katika sentensi ya maelezo, ili isomeke vizuri zaidi, na DDD ilikuwa ikiitambua sentensi ile kwa maneno yake ya zamani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1999, na naona haina budi kusomwa na kila fundi. Zeller hakuridhika na kugawa nusu kwa nusu tu, kwani alijua kwamba yako makosa ambayo nusu ya kwanza peke yake ni salama na nusu ya pili peke yake ni salama, ila zikichanganywa huanguka. Akaonyesha kwamba katika hali hiyo sharti utafute ndani ya kila nusu huku ile nyingine ukiiacha mahali pake. Hiyo hasa ndiyo hali ya mtu mwenye programu mbili zisizopatana, na mtu anayezima nyongeza zake moja moja, akiiwasha kila moja kabla ya kuzima inayofuata, huishia kuwa na majina mawili yenye tuhuma bila kujua yameunganishwa na nini.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa programu za Java. Tangu siku za twm, wasimamizi wengi walikuwa na mazoea ya kulichukua dirisha la programu na kulitia ndani ya dirisha lao wenyewe lenye kichwa na mipaka. Na watunzi wa Java wakalifanya zoea hilo kuwa hesabu: programu ilingoja habari kwamba imekwisha tiwa katika fremu, ikapima mipaka, ndipo ijue ichore wapi. Kisha wakaja wasimamizi wa mtindo wa vigae, kama dwm ya mwaka 2006 na xmonad ya mwaka 2007, ambao huyapanga madirisha ubavu kwa ubavu pasipo fremu yoyote. Hawakuvunja kanuni, maana ICCCM haikulazimisha fremu. Lakini Java, iliyokuwa ikingoja habari isiyokuja, ilifungua madirisha matupu ya kijivu, au menyu zilizojitokeza mbali na mahali zilipobonyezwa, na watu wa vigae wakaamini kwa muda mrefu kwamba Java ni mbovu, na watu wa Java wakaamini kwamba vigae ni vibovu.

Waliofungua msimbo wa Java waligundua kwamba ndani yake mna orodha ya majina ya wasimamizi wanaojulikana, na katika hao wamo wachache walioandikwa kuwa hawatii madirisha katika fremu, mmojawapo akiwa LG3D, msimamizi wa Looking Glass, mradi wa Sun wenyewe wa madirisha ya pande tatu ambao ulionyeshwa hadharani mwaka 2003 na haukuchukua miaka mingi ukaachwa. Basi ikatungwa programu ndogo iitwayo wmname, isiyokuwa na kazi ila kuandika jina la msimamizi mahali Java inapolisoma. Aliyetumia dwm akaandika humo LG3D, na madirisha ya kijivu yakajaa maandishi mara moja. Baadaye Java ilitiwa mpangilio wa wazi wa kueleza jambo hilo bila kujiita jina la mwingine, lakini kwa miaka mingi watu duniani kote waliziendesha kompyuta zao chini ya jina la mfumo ambao hapana aliyeutumia. Hapana fundi ambaye angeweza kulijua hilo kwa kuitazama skrini. Lilijulikana kwa kusoma, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwa kila atakaye kuusoma.

GNOME 3 ilipotolewa mwezi wa Aprili 2011 ililileta jambo hili katika sura mpya, kwa kuwa nyongeza zake haziendi kama programu za pembeni bali huingia ndani ya mazingira yenyewe na kuzibadili kazi zake wakati yanapotembea. Nyongeza mbili zinazoibadili kazi moja hutegemea ipi imetangulia, na ikizimwa ya kwanza, yaweza kurudisha hali ya awali na kuifuta kazi ya pili bila kukusudia. Toleo la 45 la Septemba 2023 lilibadilisha namna nyongeza zinavyopakiwa, na zote za zamani zikahitaji kurekebishwa. Sioni kwamba watunzi wa GNOME walikosa. Ila naona waliwatwika watu wa nyongeza, ambao wengi ni wa kujitolea, mzigo mzito kupita kiasi.

Na sasa X yenyewe inaondoka. Kristian Høgsberg alianza Wayland mwaka 2008, toleo la 1.0 likatoka Oktoba 2012, na Fedora ikaifanya kuwa chaguo lake la kwanza katika GNOME mwezi wa Novemba 2016. Wayland imekata shauri kinyume na waasisi wa X: programu hairuhusiwi kukamata vitufe vya wenzake, wala kuyatazama madirisha yao, na kitakiwacho sharti kiombwe kwa msimamizi, ambaye sasa ni seva pia. Kwa usalama ni hatua kubwa, kwani katika X programu moja yenye nia mbaya iliweza kusoma kila neno lililoandikwa. Lakini zana za kukamata picha, za kujiandikia maneno na za njia za mkato zilizotungwa kwa uhuru ule wa zamani zimekatika, na kanuni za kuzirudisha kwa idhini zingali zikiandikwa, nazo hazijatekelezwa sawasawa na kila msimamizi. Xev haisaidii sana huko, na zana za kushika mahali pake hazijaenea.

Kwa hiyo namsihi msomaji aliye na mfumo wa namna hii jambo moja. Programu zako mbili zikikorofishana, na baada ya kuzitenga umeona sababu, usitosheke kuihamisha njia ya mkato na kulala. Andika majina na matoleo ya zote mbili, jina la msimamizi wa madirisha, kama ni X au Wayland, na hatua za kulirudia kosa tangu akaunti mpya isiyo na mipangilio, kisha upeleke taarifa hiyo kwa watunzi wa pande zote mbili, kwa lugha ya adabu, bila kumtaja yeyote kuwa mkosaji.